Nile kwa mara ya kwanza: meli ya kitalii au dahabia ya matanga?

Anayetaka kusafiri juu ya mto Nile kati ya Luxor na Aswan, nchini Misri, atauziwa vyombo viwili, na matangazo yake yanafanana mno: mitende, machweo, kikombe cha chai juu ya meza nyeupe. Safari zenyewe hazifanani hata kidogo. Nimewasikia watu waliorudi wakilalamika kwamba meli ina kelele, nao walikuwa wakitafuta utulivu. Nimewasikia na wengine waliochoshwa na dahabia, kwa sababu wamezoea kuwa na pa kwenda baada ya chakula cha usiku. Hakuna aliyedanganywa. Kila mmoja alipanda chombo kilichomfaa mwenzake.

Njia ni ileile, takribani kilomita 220 kutoka Luxor hadi Aswan, na mahekalu makubwa ni yaleyale. Kinachobadilika ni saa zako: nani anazipanga, unazipitisha wapi, na ukiwa na nani. Kwa hiyo usianze na bei wala picha za chumba. Jiulize kwanza unafuata nini zaidi, majengo ya mafirauni au mto wenyewe.

Vyombo vyenyewe

Meli ya Nile si ile ya baharini inayobeba watu elfu kadhaa. Ni hoteli inayoelea, ghorofa nne au tano, vyumba hamsini hadi sabini na kitu, mapokezi yenye sakafu ya marumaru, ukumbi wa kulia, baa, na juu kabisa sitaha ya jua yenye bwawa dogo la kuogelea. Kila chumba kina bafu lake na kiyoyozi, na dirisha huwa kubwa kiasi kwamba mtu aliyelala kitandani anaona ukingo ukipita: nyati wa kufugwa wamesimama majini hadi kifuani, mashamba ya miwa, watoto wanaopunga mikono.

Dahabia ni chombo chembamba, chini bapa, chenye matanga mawili na vyumba sita hadi kumi hivi. Hakina injini ya kukiendesha. Upepo ukilala, boti ndogo ya injini hufunga kamba na kukivuta. Mtu wa Lamu au Unguja akiiona ile foromali ndefu, boriti inayobeba tanga, ilivyopandishwa juu ya mlingoti atajikuta nyumbani, maana tanga lile lina undugu wa karibu na la jahazi.

Kuna siri ya maumbile iliyowafaa mabaharia wa Misri tangu enzi za kale. Nile hutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini, ilhali upepo wa kawaida huvuma kutoka kaskazini kwenda kusini. Anayepanda mto hutweka tanga. Anayeshuka hulikunja na kuuachia mkondo umbebe. Ndiyo sababu safari nyingi za dahabia huelekea Aswan. Ukiuziwa ile inayoshuka, tanga halitakuwa na kazi kubwa, na huenda saa nyingi zikapita ukivutwa. Uliza kabla ya kulipa.

Unasafiri kwa muda gani hasa?

Hili wengi hawaliulizi, nalo lina uzito kuliko unene wa godoro. Ratiba ya kawaida ya meli ni usiku nne ukianzia Luxor na usiku tatu ukianzia Aswan. Lakini usiku wa kwanza kule Luxor meli huwa imefungwa gatini, na ule wa mwisho kule Aswan vilevile. Meli isiyokutana na foleni inaweza kuumaliza umbali wote kwa chini ya saa 24 za mwendo, na sehemu ya mwendo huo hufanyika umelala. Kwa hiyo ukinunua usiku nne, mchana ule wa kukaa sitahani ukitazama mto utaupata kwa vipande viwili au vitatu tu vya alasiri. Ni vipande vizuri sana, ila ni hivyo tu.

Dahabia huanzia Esna, mwendo wa gari wa kama saa moja kusini mwa Luxor, na hutumia siku nne au zaidi kwa umbali mfupi kuliko ule wa meli. Husafiri mchana na kufunga usiku, mara nyingi pembeni ya kisiwa au shamba ambako hakuna gati wala taa. Siku ya upepo mzuri unasikia maji ubavuni na kamba zikilia. Siku ya shwari unavutwa, nahodha anabadilisha mpango, na mnaweza kufika Edfu asubuhi badala ya jioni. Mtu anayetaka kujua saa tatu na nusu atakuwa wapi atapata tabu.

Foleni ya Esna na msongamano wa gati

Esna kuna bwawa linalokatiza mto, na meli hulivuka kwa kuingia katika njia nyembamba yenye milango mbele na nyuma. Milango hufungwa, maji hupandishwa au kushushwa mpaka yalingane na upande wa pili, kisha meli hutoka. Zinaingia mbili tu kwa zamu, na meli ni nyingi, hivyo kusubiri saa kadhaa ni jambo la kawaida. Lakini usikimbilie chumbani. Wachuuzi huja na mitumbwi ya makasia, hujifunga ubavuni mwa meli, na kuanza kurusha kanzu, mitandio na vitambaa vya meza vilivyofungwa ndani ya mifuko ya plastiki hadi sitaha ya juu, ghorofa nne kwenda hewani, bila kukosea. Ukipenda kitu, mnapatana bei kwa kupaza sauti, unatia noti ndani ya mfuko na kuutupa chini. Usipopenda, unarudisha mzigo. Nimeona bibi mmoja wa makamo akishusha bei ya mtandio mpaka meli nzima ikapiga makofi. Abiria wa dahabia hawalioni soko hili, kwa kuwa chombo chao huwa tayari kiko upande wa kusini wa bwawa.

Kasoro kubwa ya meli iko gatini, na vipeperushi havisemi neno. Luxor, Edfu, Kom Ombo na Aswan, meli hufungana ubavu kwa ubavu, tatu, nne, wakati mwingine zaidi. Kwenda nchi kavu unapita katika mapokezi ya meli za watu, moja baada ya nyingine. Dirisha lako lile kubwa linatazamana na dirisha la mgeni aliye umbali wa mkono, na jenereta zote zinanguruma pamoja. Usilipie ziada ya kutisha kwa ajili ya baraza binafsi ukidhani utaota machweo kila jioni. Jioni nyingine utaota pazia la jirani. Heri pesa hizo zikupandishe ghorofa ya juu, mbali na nyuma ya meli kwenye injini. Ghorofa ya chini kabisa dirisha huwa karibu usawa wa maji na mngurumo hausahauliki.

Mahekalu

Hapa mizani inaelemea upande wa meli kwa mgeni kabisa. Ada ya safari huwa pamoja na mwongoza watalii aliyesomea kazi yake, na ratiba inakupitisha Karnak, hekalu la Luxor, Bonde la Wafalme, Edfu, Kom Ombo na Philae bila wewe kutafuta usafiri hata mara moja. Dahabia nyingi huacha Luxor nje ya safari, hivyo utalazimika kuongeza siku zako mwenyewe huko, na Luxor si mji wa kurukwa. Ukumbi wa nguzo 134 wa Karnak peke yake unastahili asubuhi nzima.

Tatizo la meli ni kwamba zote zinakwenda kwa wakati mmoja. Edfu, hekalu la mungu Horus, ndilo lililosalia zima kuliko yote makubwa ya Misri. Lilianzwa mwaka 237 KK na kukamilika mwaka 57 KK, paa lake bado lipo, na chumba cha ndani kabisa kina giza lake la asili. Ukiingia humo na vikundi ishirini kwa mpigo, kila mwongozaji akipaza sauti kwa lugha yake, utaona migongo ya watu kuliko kuta. Muulize mwongozaji wako usiku uliotangulia kama mnaweza kuwa wa kwanza kushuka. Wengi wanakubali wakiombwa kwa adabu, kwa sababu nao wanachukia msongamano. Gari la farasi la kutoka gatini mpatane bei kabla ya kupanda, na ukiona farasi amekonda au ana vidonda, achana naye. Pikipiki za magurudumu matatu zipo.

Kom Ombo ni rahisi, maana hekalu liko juu ya gati lenyewe. Lina milango miwili na njia mbili sambamba mpaka ndani, nusu ya Sobeki, mungu mwenye kichwa cha mamba, na nusu ya Horus Mkubwa. Pembeni kuna jumba dogo la makumbusho lenye mamba waliokaushwa na kufungwa sanda. Watoto hawataki kutoka humo.

Dahabia inakopata ushindi ni mahali ambapo meli hupita bila kusimama. Gebel el-Silsila, kati ya Edfu na Kom Ombo, ndipo mto unapobanwa na miamba ya mchanga pande zote mbili. Mawe ya mahekalu mengi ya kusini mwa Misri yalichongwa hapo, na alama za patasi bado ziko ukutani kama zimeachwa jana. Unashuka, unatembea kati ya kuta zilizokatwa wima, na pengine hakuna mtu mwingine. El Kab nako kuna makaburi ya waheshimiwa, likiwemo la Ahmose mwana wa Ebana, baharia aliyeandika ukutani habari za vita alivyopigana. Ukiwa kwenye meli, Silsila unaweza walau kuiona: uliza mapokezi mtapita saa ngapi, kisha panda sitahani na usimame upande wa kulia mkielekea Aswan. Ukingo ule wa magharibi ndio wenye vijihekalu vilivyochongwa ndani ya mwamba.

Wenzako wa safari

Meli ni bufee mara tatu kwa siku, vyakula vingi, saa maalumu. Jioni kuna ngoma za Kinubi, usiku wa kuvaa kanzu, muziki. Familia yenye watoto itafurahi, kwa sababu bwawa lipo na kuna watoto wengine. Mzee mwenye magoti mabovu naye atafaa zaidi kwenye meli, lakini hakikisha ina lifti, maana si zote, na umweleze mapema kuhusu vile vidaraja vya kuvuka kutoka meli moja kwenda nyingine. Dahabia hushusha ubao hadi kwenye mchanga, na kingo nyingine ni za kupanda kwa mikono na miguu.

Kwenye dahabia mnakula meza moja, watu kumi na tano au ishirini, chakula kimoja kilichopikwa vizuri, pengine samaki aliyenunuliwa asubuhi ile kwa mvuvi aliyepita. Kufikia siku ya pili mnajuana majina. Ukipata wenzako wema ni neema. Ukipata mgomvi mmoja, huna pa kumkimbia. Kwa hiyo mpango ambao kwa maoni yangu unaishinda meli kabisa ni kikundi cha marafiki au ukoo kukodi dahabia nzima. Mkijaza vyumba vyote, bei kwa kichwa huteremka, na nahodha anasimama mnapotaka.

Kwa Waislamu hakuna shida ya nyama kwenye chombo chochote, na adhana mtaisikia kutoka kingo zote mbili. Baa huwepo kwenye meli nyingi. Asiyependa kuwa karibu nayo atapumua zaidi kwenye dahabia. Mwezi wa Ramadhani safari zinaendelea, ila mahekalu hufungwa mapema zaidi, kwa hiyo matembezi husogezwa asubuhi.

Mabaharia wengi ni watu wa Misri ya juu, yaani ya kusini, na Wanubi. Keti na Mnubi jioni umuulize kwao wapi. Wazee wao walihamishwa mwaka 1963 na 1964 kabla maji ya Bwawa Kuu la Aswan hayajameza vijiji, na wengi walipelekwa maeneo ya Kom Ombo, mbali na mto waliouzoea. Hekalu la Philae nalo lilifumuliwa jiwe kwa jiwe likajengwa upya kisiwa cha jirani, Agilkia, na leo kila mgeni anapelekwa kuliona. Habari za vijiji utazipata kwa watu tu, na dahabia, yenye mabaharia wachache na usiku mrefu, inakupa nafasi hiyo kuliko meli. Hili kwangu ni jambo kubwa kuliko bwawa la kuogelea.

Pesa

Kwa usiku uleule, dahabia kwa kawaida hugharimu mara mbili ya meli ya wastani au zaidi. Meli ziko za kila daraja, kutoka zile za bei poa zenye mazulia yaliyochoka hadi za kifahari zinazoipita dahabia kwa bei. Nyota za Misri zisikutie imani sana. Karibu kila meli hujiita ya nyota tano. Tazama picha za wasafiri wa miezi ya karibuni, si za kampuni.

Kwenye meli, vinywaji, hata maji ya chupa mezani, mara nyingi hulipiwa pembeni. Viingilio vya mahekalu vinaweza kuwa ndani ya bei au nje, na vikiwa nje jumla yake inauma. Mwanafunzi abebe kitambulisho, maana hupunguziwa nusu. Malango makubwa sasa yanataka kadi ya benki, siyo noti. Noti ndogo uwe nazo kwa bakshishi, ambayo Misri ni sehemu ya mshahara wa watu. Kwenye meli, mwisho wa safari utakuta bahasha au sanduku la pamoja, na mwongozaji hupewa yake kando.

Majira na makaratasi

Oktoba hadi Aprili ndio wakati. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, na kwenye dahabia, ambako maisha yote ni sitahani, hilo ni mateso. Wa meli atajificha kwenye kiyoyozi. Desemba na Januari beba sweta la maana, kwa kuwa usiku hushuka chini ya nyuzi 10 na upepo wa mtoni hauna huruma. Anayetoka Afrika Mashariki ashughulikie viza mapema, na abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana wanaotoka nchi kama Kenya, Uganda na Kongo huulizwa.

Kuhusu kuogelea mtoni, jambo ambalo dahabia nyingi huruhusu: kichocho kipo Nile kama kilivyo Ziwa Victoria. Hukaa kwenye maji yaliyotulia kandokando, penye majani na konokono. Mimi siingii huko.

Ningekushauri nini

Kama hujawahi kukanyaga Misri na una wiki moja, panda meli, tena ya usiku nne kutoka Luxor, ghorofa ya juu. Ile ya usiku tatu kutoka Aswan ni nafuu kidogo lakini inakimbiza. Ukishapanda, siku ya kwanza zunguka meli nzima kabla wenzako hawajaamka kutoka usingizi wa safari: tafuta kona ya sitaha yenye kivuli, jua mlango wa kutokea, mjue kwa jina anayehudumia meza yako, na mwombe mwongozaji ratiba kamili ya saa za mwendo. Alasiri ya kutoka Esna kwenda Edfu na ile ya kutoka Edfu kwenda Kom Ombo usilale, usiende kukandwa mwili, usikae kwenye simu. Hizo ndizo ulizolipia. Abu Simbel, penye hekalu la firauni Ramses, takribani kilomita 280 kusini mwa Aswan, huondokwa alfajiri kwa gari na inakula nusu ya siku au zaidi. Ni ya kwenda, ila lala mapema usiku wa kabla.

Kama Luxor umeshaiona, au mko wawili mnaotaka kukaa kimya pamoja, au mko kikundi cha kujaza vyumba, dahabia, bila kusita. Kuna na njia ya tatu isiyotajwa sana: meli chache za Ziwa Nasser, lililo nyuma ya Bwawa Kuu la Aswan, zinazokwenda hadi Abu Simbel kwa usiku tatu au nne. Mnaliendea hekalu la Ramses kutoka majini, na njiani mnasimama kwenye mahekalu ya Wadi el-Seboua na Amada ambako hakuna foleni wala wachuuzi. Hiyo naona imfae anayerudi Misri mara ya pili.

Kabla ya kulipa chombo chochote, mwandikie wakala aeleze kwa maandishi: jina la meli au dahabia yenyewe na si “au ya daraja hilo”, ghorofa ya chumba, mji wa kupandia na wa kushukia, saa za mwendo wa mchana, viingilio vilivyo ndani ya bei, na lugha ya mwongozaji. Kwa dahabia ongeza swali la boti ya kuvuta na la siku za Luxor. Akikujibu tu kwamba kila kitu kimo, mwombe orodha. Akikataa kuitoa, tafuta wakala mwingine.